Nusu Saa Angani: Je, Hiyo ni Safari?



Dada mmoja wa Malindi ametuletea swali ambalo tunajua si lake peke yake. Kila mwezi hupanda ndege kwenda Lamu kumwangalia mamake mgonjwa, hulala siku mbili, kisha hurudi. Alikuwa akipunguza swala zake za rakaa nne kuwa mbili, hadi mavyaa wake alipomwambia kuwa mwendo wa nusu saa si safari, na kwamba swala zile zote ni deni. Tangu hapo, kila arudipo, hukesha juu ya mswala akizilipa. Ametuuliza zimebakia ngapi.

Hata moja.

Tuyatazame masafa yenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi ule wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 140. Kwa gari huzidi 200, kwani barabara huzunguka kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, na bado kuna maji ya kuvuka. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa humaliza njia hiyo kwa nusu saa. Msimu wa kaskazi, aendaye Lamu hukabiliana na upepo, dakika zikaongezeka. Msimu wa kusi upepo humsukuma. Kilomita ni zile zile.

Na sheria imeshika masafa, haikushika saa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama wenye mizigo. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameyakadiria kuwa kilomita 81 na zaidi kidogo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakuiona ndege. Lakini ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na kwamba anayeyakata masafa hayo kwa saa moja hupunguza swala.

Kinyume chake nacho kipo. Huko Scotland, baina ya visiwa vya Westray na Papa Westray, abiria hurushwa kilomita 2.7 kwa dakika mbili hivi. Mwenye kwenda hapo tu huswali kamili, japo amepanda ndege na kufunga mkanda.

Lipo jambo moja ambalo dada yetu aliangalie. Safari huanza mtu anapoyaacha majengo ya mji wake. Uwanja wa Malindi umeshikana na mji, basi adhuhuri ikimkuta pale akingoja ndege, aiswali rakaa nne. Manda ni jambo jengine: hata mwenyeji wa Lamu anayerejea kwao, akiwa bado gatini Manda akingoja mashua, kwa tunavyoona yumo safarini, maadamu hajaufikia mji wake. Ama dada yetu, kwake ni Malindi. Huko Lamu ni msafiri muda wote asiponuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Mavyaa wake tunampa salamu. Aliihofia swala, na hofu hiyo ni njema. Mkewe mwanawe akirudi mara hii, amwache alale.