Akiba ya Michembe, Uhaba wa Maamuzi

Misafara iliyotoka pwani ilipokwisha kuvuka pori la Mgunda Mkali, Tura ndipo ilipoingia Unyamwezi. Hakuna aliyethubutu pori lile bila posho ya siku zote za njiani. Desturi ya kutayarisha mapema haijatoweka: akina mama wa huku bado huanika michembe na matobolwa msimu wa viazi vitamu, na asubuhi za kiangazi chai ya watoto haikosi kitafunwa. (Wenye kisukari wakumbuke: matobolwa ni wanga uleule, tena uliokolea.)

Kwa nini basi nyumba yenye akiba ya viazi ya miezi kadhaa haina uamuzi kuhusu uzazi wa mwezi ujao? Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walieleza aina tatu za kuchelewa kunakoua wajawazito. Kule kwa kwanza hutokea nyumbani, kabla ya safari kuanza. Mama anatokwa na damu, baba yuko porini kurina asali au shambani kwenye tumbaku, nao wakwe wanangoja arudi ndipo neno lipite. Damu nyingi baada ya kujifungua yaweza kuua ndani ya saa mbili.

Rai yangu ni kwamba ruhusa itolewe mapema, mbele ya wakwe, ili mama mwenyewe aweze kusema "twende". Muuguzi wa kliniki amwulize baba katika hudhurio la kwanza: usipokuwapo, nani ataamua, pikipiki ni ya nani, na nauli imewekwa wapi?