Mafua ya ndege: mipango iko ofisini, lakini kengele ya kwanza iko bandani

Kirusi cha mafua ya ndege aina ya H5N1 kinajulikana kwa binadamu tangu 1997. Kuanzia 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) limehesabu wagonjwa zaidi ya 900 katika nchi mbalimbali, na karibu nusu yao walifariki. Mpaka sasa hakiambukizwi kwa urahisi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Wengi waliougua walishika kuku au bata wagonjwa au waliokufa.

Hofu ni kwamba virusi hubadilika. Mwaka 2024 kirusi hiki kiligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Kikijifunza kuhama kati ya watu kama mafua ya kawaida, dunia itarudi kwenye hali tuliyoiona wakati wa UVIKO-19, au mbaya zaidi.

Je, serikali zetu ziko tayari?

Kufunga mpaka tunaweza. Januari 2017, ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, Uganda, kisha ugonjwa ukaonekana kwa bata na kuku wa kufugwa. Kirusi kilikuwa H5N8. Kenya ikazuia mara moja kuku kutoka Uganda. Mwaka huohuo, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 pale Namanga vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali, na mafua ya ndege yakatajwa kuwa sababu. Lakini ndege wanaohama hawapiti Namanga. Wanatua ziwani na mabwawani, mahali ambapo bata na kuku wetu nao wanakunywa maji.

Mipango ipo pia. Tanzania ina dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, linalowakutanisha wataalamu wa afya ya binadamu, mifugo na wanyamapori. Ipo pia Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA). Hayo ni mambo ya maana. Tatizo ni kwamba maabara hupima sampuli iliyoifikia, na sampuli hiyo haitoki kijijini mpaka mtu aseme: kuku wangu wanakufa.

Hapo ndipo penye ugumu. Vijijini kuku hufa kwa wingi karibu kila mwaka kwa kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Kwa macho, kideri na mafua ya ndege vinafanana: kuku anazubaa, anakoroma, anaharisha, na banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Mfugaji aliyezoea msiba huo hampigii mtu simu. Anachinja waliobaki kabla hawajafa, au anawawahisha mnadani. Kama safari hiyo si kideri, ugonjwa umeshasambaa kabla ofisi yoyote haijajua.

Kwa hiyo chanjo ya kideri, ile ya tone moja la jicho kila miezi mitatu, ni sehemu ya maandalizi ya mafua ya ndege, ingawa haikingi mafua hayo. Kijiji kikichanja vizuri, vifo vya kuku haviwi tena jambo la kawaida. Kuku wakianza kufa, kila mtu atajua kuna jambo.

La pili ni fidia. Hong Kong mwaka 1997, baada ya watu 18 kuugua na 6 kufariki, serikali iliua kuku zaidi ya milioni moja kwa siku chache na kuwalipa wenye mali. Wagonjwa wapya wakakoma. Kwa mama ambaye kuku ndio ada ya shule na nauli ya hospitali, kutoa taarifa bila ahadi ya malipo ni kujitia umaskini kwa hiari. Hatupaswi kumlaumu akinyamaza. Tuulize kama fedha hiyo imetengwa, na italipwa baada ya siku ngapi.

Maswali hayo yanafaa kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani wako: afisa mifugo wa kata ana usafiri? Ana vifaa vya kuchukulia sampuli? Fidia ikoje?

Wakati unasubiri majibu, ukiona kuku, bata au ndege wa porini wengi wamekufa ghafla, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje wala kuwauza, na watoto wakae mbali. Mpigie afisa mifugo au mwenyekiti wa kijiji. Ukipata homa na kikohozi baada ya kushika ndege wagonjwa, nenda kituo cha afya na useme wazi ulishika nini, au piga 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Nyama na mayai yaliyoiva vizuri hayana shida.