Fidia kwa Jina la Baba, Hasara kwa Jina la Nani?

Wengi wetu tumeyasikia mahubiri juu ya shamba la mizabibu la Nabothi, alilolitamani mfalme Ahabu hata likachukuliwa kwa hila na kwa damu. Tumemlilia Nabothi na kumlaani Ahabu. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza mke wa Nabothi alilala wapi usiku ule? Swali hilo si la kanisani peke yake. Ni swali la Kiganjo, la Kiandutu, la Ruiru, na la kila mahali mpimaji anapokuja na vigingi vyake na kuwaambia wananchi kwamba maendeleo yamefika.

Tuseme wazi, tusije tukasingiziwa: hatuyapingi maendeleo. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, imetufaa. Bwawa la Thika kule Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, huinywesha Nairobi. Hata hivyo, barabara ilipopanuliwa, wachuuzi wa kando yake waliondolewa. Na kabla ya bwawa kujaa, familia za Gatanga zilihama. Tunalouliza ni hili: hesabu ya gharama ilipopigwa, ni nani aliyehesabiwa?

Kwa desturi, hesabu hiyo humtafuta mwenye hati, na hati mara nyingi ina jina la mwanamume. Mpangaji wa chumba cha mabati hana hati. Muuza sukuma wiki hana hati. Mke aliyelima shamba la ukoo wa mumewe miaka 20 hana hati. Mtoto hana hati. Basi fedha hulipwa kwa jina moja, na hasara ikagawanywa kwa nyumba nzima. Mke huweza kupata habari za fidia ikiwa imekwisha kutumika.

Na hasara yenyewe si paa tu. Mama hupoteza wateja waliomzoea, chama cha akina mama kilichomkopesha, duka lililomwandikia deni hadi mwisho wa mwezi, jirani aliyemshikia mtoto alipokwenda kibarua, na bomba la maji lililokuwa karibu. Hakuna mthamini ayaandikaye hayo katika daftari lake. Mtoto naye hung'olewa shuleni katikati ya muhula. Shule mpya iko mbali, na sare yake ni nyingine. Msichana mkubwa hubaki nyumbani akiwalea wadogo zake huku mama akitafuta kazi upya. Akiukosa mtihani wake, hakuna fidia itakayomrudishia mwaka huo. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalipoipasulia njia barabara ndani ya Kibera, shule nazo zilianguka pamoja na nyumba.

Wala si kwamba sheria haipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, yataka fidia ya haki ilipwe kamili na bila kuchelewa, na yaruhusu kulipwa hata mkaaji wa nia njema asiye na hati. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka notisi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa, pamoja na hatua maalumu za kuwalinda wanawake, watoto, wazee na walemavu. Tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata walioishi katika ardhi ya umma wanaweza kuidai haki ya makazi. Lakini kijiji chao cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa tayari kijana wa sekondari hukumu ilipotolewa. Haki iliyochelewa miaka 9 haikumlea.

Mwezi wa Mei 1990, mtaa wa Muoroto jijini Nairobi ulipobomolewa, viongozi wa makanisa walikemea hadharani, wakati kukemea kulikuwa hatari. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa na vyama vikawa vingi. Lakini watu hawakuteseka kwa ajili ya demokrasia ili tupewe tu uhuru wa kuchagua ni chama kipi kitakachotubomolea nyumba.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, orodha ya watakaohamishwa imtaje kila mtu kwa jina lake, mume, mke, mtoto, mpangaji na mchuuzi, na isomwe hadharani barazani. Pili, fidia ya nyumba ya ndoa isilipwe bila mke kutia sahihi. Tatu, familia isihamishwe katikati ya muhula, wala kabla watoto hawajapatiwa nafasi katika shule nyingine.

Nasi tusingoje vigingi. Kila parokia na kila kikundi kianze sasa daftari lake: nani anaishi wapi, tangu lini, kwa riziki gani, na watoto wangapi wanasoma shule ipi. Makanisa yamezoea kuandika ubatizo na ndoa. Hayashindwi kuandika na hayo. Siku mpimaji atakapofika Kiganjo, atukute na orodha yetu mkononi, na jina la mama liwe ndani yake. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.