Kutunga Pamoja Si Kubebwa

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki imejengeka imani kwamba mtoto hujifunza kuandika pale tu anapoandika peke yake, huku amelikinga daftari kwa mkono ili jirani asitazamie, na kwamba kitabu cha hadithi kinachotungwa na kundi la watoto ni burudani ya mwisho wa muhula, ambamo wawili watatu hufanya kazi na waliobaki hubebwa. Imani hii hushikiliwa na walimu wenye bidii na wazazi wanaowatakia watoto wao mema. Hata hivyo ni imani potofu, na madhara yake yanaonekana katika maandishi ya watoto wale wale ambao inadai kuwalinda.

Ushahidi wa kwanza ni insha ya mtihani. Nchini Kenya, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na insha ya Kiswahili yenye alama 40, na maandalizi yake yalizaa desturi ambayo kila aliyewahi kusahihisha insha za watoto anaifahamu: mtoto hukariri utangulizi wenye jogoo anayewika na jua linalochomoza, hukariri methali kadhaa na tashbihi, yaani maneno ya kufananisha kitu na kingine kwa kutumia "kama", kisha huvipachika vyote hivyo katika insha yoyote atakayopewa, iwe inahusu ajali ya barabarani, harusi ya shangazi au siku ya kwanza shuleni. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Anamwandikia msomaji mmoja tu, naye ni msomaji mwenye kalamu nyekundu, asiyesubiri kujua mhusika atapatwa na nini katika aya inayofuata, na mtoto mwenye akili hutambua upesi kwamba msomaji wa namna hiyo hulipwa kwa mapambo. Kwa hiyo uandishi wa peke yake, ambao ulitarajiwa kuibua sauti ya kila mtoto, umezalisha maelfu ya insha zenye sauti moja.

Kundi la watoto linapotunga kitabu chao, msomaji hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo kiini cha jambo hili. Msomaji wa kwanza wa kila sentensi sasa ni mwenzake aliyeketi kando ya bango kitita, yaani fungu la karatasi kubwa zilizobanwa kwenye ubao ili kundi zima lione kinachoandikwa, na mwenzake huyo ana haki ya kuuliza, ya kukataa na ya kuchoka. Mfano mmoja wa kisarufi unatosha kuonyesha uzito wa haki hiyo. Watoto watano wanapotunga hadithi ya fisi na mbuzi, karani wao, yaani mtoto aliyekabidhiwa kalamu, anaweza kuandika kwamba fisi alimkimbia mbuzi. Mchoraji wa kundi atapinga papo hapo, kwa sababu katika picha yake mbuzi ndiye anayetimua mbio na fisi yuko nyuma yake ameachama, na katika mabishano hayo kundi litagundua kwamba kumkimbia mtu ni kumwogopa na kumtoroka, ilhali kumkimbiza ni kumwandama ili kumkamata. Tofauti ya silabi moja, ambayo wataalamu wa sarufi huiita kauli ya kutendesha, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba mtenda anamfanya mwingine atende, imeamua ni mnyama yupi mwenye hofu. Mwalimu angeweza kuifundisha kauli hiyo ubaoni kwa wiki nzima bila mtoto yeyote kuona kwamba ina maana maishani mwake. Zaidi ya hayo, huenda mtoto wa tatu akataka kosa libaki jinsi lilivyo, kwa kuwa fisi anayemkimbia mbuzi ni hadithi mpya zaidi kuliko fisi anayemkimbiza, na hapo kundi litalazimika kutafuta sababu ya hofu hiyo. Kosa ambalo katika daftari la peke yake lingekatwa mstari mwekundu na kusahauliwa limekuwa chanzo cha kisa.

Wanaodai kwamba hadithi ni lazima iwe na mtunzi mmoja wanasahau pia kwamba Waswahili wenyewe hawakuanza kwa kuamini hivyo. Msimulizi aliyeita "Paukwa" hakuendelea kabla ya kuitikiwa "Pakawa", na wimbo uliokuwa ndani ya hadithi uliimbwa na wasikilizaji, ambao kwa namna hiyo waliamua simulizi litulie wapi na liharakishwe wapi. Visa vya Abunuwasi ni ushahidi mkubwa zaidi: jina lake limetokana na Abu Nuwas, mshairi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, lakini mjanja anayejulikana Unguja, Lamu na Mombasa amejengwa na vinywa vingi visivyo na majina, kila kimoja kikiongeza hila yake na kuiacha ile isiyochekesha. Ni vigumu kueleza kwa nini utaratibu uliozaa fasihi iliyodumu karne nyingi uonekane kuwa udanganyifu unapoingia darasani.

Si kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa kwa maandishi. Kusini mwa Ufaransa, katika miaka ya 1920, Célestin Freinet, mwalimu aliyejeruhiwa pafu katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na ambaye kifua chake hakikumruhusu kuhutubia kutwa nzima, alileta mashine ndogo ya kuchapia katika shule ya msingi ya kijiji cha Bar-sur-Loup. Watoto walisoma matini walizoandika, wakapiga kura kuchagua itakayochapwa, wakairekebisha pamoja, kisha wakapanga herufi za risasi moja baada ya nyingine kwa mikono yao. Kuanzia mwaka 1926 walibadilishana maandishi yao na watoto wa Trégunc, kijiji cha pwani ya Bretagne, hivyo kila neno lililochapwa lilikuwa na msomaji wa mbali ambaye hakuwahi kukiona kijiji chao, na kwa sababu hiyo lilipaswa kujieleza lenyewe.

Utaratibu ulio wazi kuliko wote uliachwa na vijana wanane wa shule ya Barbiana, katika milima ya kaskazini mwa Florence nchini Italia, ambao wakiwa na mwalimu wao, padri Lorenzo Milani, walichapisha mwaka 1967 kitabu *Lettera a una professoressa*, yaani Barua kwa Mwalimu wa Kike. Hawa walikuwa vijana waliokwisha kukua kidogo, na kitabu chao ni cha hoja, si cha hadithi. Lakini hatua walizozieleza humohumo zinafaa hata kwa mtoto wa miaka tisa. Kila mmoja aliandika mawazo yake, wazo moja katika kikaratasi kimoja, kisha vikaratasi vyote vilimwagwa juu ya meza kubwa, vilivyofanana vikaondolewa, vilivyohusiana vikawekwa katika marundo, na marundo yakawa sura. Kila aya ilipaswa kupewa kichwa. Iliyokosa kichwa ilichukuliwa kuwa ama haina kitu ndani yake, ama imebeba mambo mengi kupita kiasi. Baadaye yalifuata mashindano ya kutafuta neno la kukata, sentensi ndefu mno na neno gumu lisilo na kazi, na hatimaye wakaitwa watu wa nje wasiosoma sana ili ibainike iwapo wameelewa. Ni vigumu kuona ni wapi katika kazi hiyo mtu angeweza kubebwa.

Pingamizi moja linastahili kuheshimiwa, nalo ni kwamba mtoto mwenye sauti kubwa huweza kulitawala kundi, na mwenye haya akajificha nyuma yake. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini tiba yake ni kupanga kazi vizuri. Vikaratasi vya Barbiana ni sehemu ya tiba, kwa sababu kikaratasi cha mtoto mnyamavu kina ukubwa ule ule kama cha msemaji. Sehemu ya pili imo katika hesabu ya karatasi zenyewe: karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, hivyo karatasi 4 zilizokunjwa pamoja na kushonwa kwa uzi mgongoni hutoa kijitabu cha kurasa 16, na ile ya nje ikifanywa jalada hubaki kurasa 12, yaani mbili kwa kila mtoto katika kundi la watoto sita. Kisa ni cha wote, lakini kila mmoja anawajibika kwa kurasa zake, akijua kwamba asipolifikisha jambo pale alipokabidhiwa, mwenye ukurasa unaofuata hatakuwa na pa kuanzia. Uwajibikaji wa namna hiyo hauwezi kupatikana katika insha ya peke yake, ambayo ikiharibika haimzuii yeyote kuendelea.

Kinachokiua kitabu cha namna hii mara nyingi ni mkono wa mtu mzima. Mwalimu anayelichukua bango kitita nyumbani usiku na kulirudisha asubuhi likiwa limenyooshwa, fisi wake akiwa amepewa adabu na mwisho ukiwa umefungwa kwa funzo la utii, amewapokonya watoto maamuzi yote waliyoyafanya na kuwaachia kazi ya kupaka rangi. Tahajia, yaani uendelezaji sahihi wa maneno, isahihishwe, kwa kuwa msomaji ana haki ya kusoma bila kujikwaa. Lakini isahihishwe mwishoni, mbele ya kundi, kwa kueleza sababu, na neno la mtaani ambalo watoto wamelichagua baada ya kulijadili libaki mahali pake. Nao watoto waachiwe jalada. Vijana wa Barbiana waliandika jina la shule yao mahali pa mwandishi. Kundi la watoto sita linaweza kuandika majina sita kwa mpangilio wa alfabeti, na jina la mwalimu likiwapo, likae ukurasa wa ndani pamoja na la aliyeleta uzi na sindano.