Kipande Kisirudi kwa Njia ya Simu

Nina neno la kusema, na wenzangu wa chama cha kompyuta wamekwisha kulisikia mara mbili mkutanoni, wala hawakulipenda. Nalileta mbele ya shule nzima na wanafunzi wa zamani ili kila mtu alipime kwa akili yake mwenyewe.

Mwaka huu chama chetu kimeamua kubuni programu ya simu itakayowasaidia matajiri kuandika watu wa kazi za muda: watu wa kuchanganya zege, kupakua malori, kuvuna kahawa, kufua nguo na kuosha vyombo siku ya harusi. Hapa Kampala kazi za namna hii twaziita lejaleja. Wenzetu wa pwani husema kibarua. Mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mkandarasi wa majumba, ametuahidi kwamba programu ikimpendeza ataijaribu yeye kwanza katika viwanja vyake vya ujenzi. Ahadi hiyo ni heshima kubwa kwetu.

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba siipingi kazi hii. Faida yake naiona. Leo mkandarasi akihitaji watu wanane wa kesho asubuhi, humpigia simu nyapara wake. Nyapara huwaita jamaa zake kwanza, kisha huchagua wengine miongoni mwa wale wanaosimama kando ya barabara tangu saa kumi na mbili, kila mmoja na koleo lake. Jioni nyapara hukata kitu kidogo katika ujira wa kila mtu. Yule aliyesimama barabara ya pili hakupata hata habari kwamba kazi ilikuwako, akarudi nyumbani mikono mitupu. Simu yaweza kuondoa hasara hiyo. Tajiri atasema ataka watu wangapi, wapi, saa ngapi na kwa ujira gani. Mtu aliye karibu atajibu. Na nyapara hatakuwa tena mlango wa pekee.

Shida yangu iko katika mchoro. Tumekwisha kuchora kurasa kumi za programu hiyo, na tisa ni za tajiri. Kuna ukurasa wa kuchagua watu, wa kuwapa nyota moja hadi tano, wa kuandika maoni juu yao, wa kumfungia mtu asiitwe tena, na kadhalika. Ukurasa mmoja tu ndio wa mfanya kazi, nao una kitufe kimoja: "Nakubali." Hawezi kuona nyota zake zimetoka kwa nani. Hawezi kuuliza. Hawezi kusema kwamba hajalipwa.

Nilipouona mchoro huo mara ya kwanza, nami nilipiga makofi pamoja na wengine. Kilichonibadili ni jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mjomba wangu hubeba matofali. Katika likizo iliyopita alifanya kazi siku tatu katika jengo moja la ghorofa, na jioni ya siku ya tatu nyapara akamwambia tajiri amesafiri, arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, akaambiwa Alhamisi. Siku ya Alhamisi nilifuatana naye, nikiwa nimevaa shati la shule ili tupate kusikilizwa. Tulimkuta nyapara mwingine. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole juu ya majina, akasema, "Mzee, jina lako halimo humu." Mjomba akamwonyesha ukuta alioubebea matofali. Nyapara akacheka, akajibu kwamba ukuta hauna mdomo. Tulirudi kwa miguu, maana nauli yetu ilikwisha kwa kwenda. Mpaka leo ujira ule haujalipwa.

Usiku ule nilijiuliza: kama programu yetu ingalikuwako, ingalimsaidia nini mjomba? Haingalimsaidia kitu. Tena ingaliweza kumdhuru, kwa sababu nyapara aliyeudhika kwa kudaiwa angalimpa nyota moja na kuandika "msumbufu", na kesho yake kila mkandarasi wa Kampala angalilisoma neno hilo kabla ya kumwona mjomba mwenyewe.

Majirani zetu wa Kenya walikwisha kukiona kitu cha namna hiyo, nacho kiliitwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua hati yenye alama za vidole vyake, na wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Tajiri aliandika humo siku ya kumwandika mtu, mshahara wake na siku ya kumwachisha. Mtu ambaye tajiri wake hakutia sahihi ya kumwacha alipata taabu kuandikwa kwingine. Na kwa kuwa mshahara wa zamani ulionekana pale pale, tajiri mpya hakuona haja ya kutoa zaidi. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, na watu waliendelea kukichukia mpaka kilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kilichowachoma ni kwamba upande mmoja uliandika, na upande wa pili ukabeba maandishi ambayo haukuweza kuyajibu.

Sasa litazameni neno kibarua. Latokana na barua. Zamani kule pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kazi yake, na jina la kile kijikaratasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Hiyo nayo ilikuwa karatasi ya kazi, lakini ilikaa mkononi mwa mfanya kazi na ilimsemea yeye. Mjomba wangu angalikuwa na kibarua cha namna hiyo siku ile ya Alhamisi, nyapara asingaliweza kucheka. Neno langu lote ni hili: programu yetu iwe kibarua, isiwe kipande.

Wenzangu huniuliza nitafanyaje. Nina mambo matano.

La kwanza ni fedha. Tajiri auweke ujira mahali pa amana kabla kazi haijaanza. Kutuma fedha kwa simu si jambo geni: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na MTN ikaanza kazi hiyo hapa Uganda mwaka 2009, hata mbeba matofali huijua vema. Sisi wenyewe tusizishike fedha hizo, kwa kuwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020 yataka leseni. Zikae kwa kampuni iliyoruhusiwa. Kazi ikiisha, tajiri athibitishe. Akinyamaza mpaka saa sita mchana wa siku ya pili, ujira uende kwa mwenyewe. Akiwa na malalamiko, ayaandike kabla ya saa hiyo, na mfanya kazi ayasome. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi twaweza kuiweka dawa hiyo ndani ya programu.

La pili ni nyota. Mfanya kazi azione nyota zake, ajue zilitoka katika kazi gani, na apate nafasi ya kujibu. Naye ampe tajiri nyota: je, alilipa kwa wakati? Palikuwa na maji ya kunywa? Msichana aliyeitwa kufua nguo katika nyumba asiyoijua alikuta heshima huko? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe. Wala nyota si kitu kidogo. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika hukumu yake ya tarehe 19 Februari 2021, iliamua kwamba madereva waliofungua kesi dhidi ya Uber walikuwa wafanya kazi wenye haki za wafanya kazi. Moja ya sababu ni kwamba kampuni iliwatawala kwa njia ya nyota za abiria. Mwenye kushika nyota ameshika hatamu.

La tatu ni hesabu ya siku. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zasema mtu asifanywe kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo yampasa kupewa mkataba wa maandishi. Ni wangapi wajuao jambo hili? Programu huhesabu siku bila kuchoka. Muda ukikaribia, iwaambie wote wawili.

La nne ni mvua. Watu hufika saa moja asubuhi, mvua hunyesha, kazi huahirishwa, nao hurudi wakiwa wamepoteza nauli na siku nzima. Tajiri akivunja kazi baada ya watu kufika, nauli yao itoke katika ile amana. Na mfanya kazi aliyekubali kisha hakutokea, wala hakutoa habari, hilo nalo liandikwe. Haki ni ya pande zote mbili.

La tano ni katochi. Mchoro wetu wahitaji simu kubwa yenye intaneti. Mjomba ana katochi, na wengi wa wenzake vivyo hivyo. Yatupasa kuweka njia ya pili, ya kupiga namba zinazoanza kwa nyota na kwisha kwa alama ya reli, ambayo hufanya kazi katika simu yoyote. Maneno yake yawe ya Kiganda, ya Kiswahili na ya lugha nyingine za watu wanaotafuta kazi hapa mjini.

Nimeambiwa kwamba matajiri watakimbia, na kwamba alipaye ndiye achaguaye. Hoja hiyo ina nguvu, wala siidharau. Tajiri ana shida zake za kweli: watu wasiotokea, koleo zinazopotea, kazi inayolala. Lakini tajiri mwema atapata kwetu watu wanaofika kwa sababu wana hakika ya ujira, na atapata ushahidi kwamba alilipa, asidaiwe mara mbili. Atakayekimbia ni yule aliyetaka kazi ya bure, naye hatukumbunia programu. Tena mchelea mwana kulia hulia yeye. Tukiogopa kumwudhi tajiri leo, kesho wafanya kazi wataikimbia programu, na tajiri atabaki na kurasa tisa nzuri zisizo na mtu ndani.

Liko jambo moja zaidi la kufikiri. Kiwango cha chini cha mshahara nchini mwetu kiliwekwa mwaka 1984, nacho kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadili mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi mahali sheria ilipo nyembamba hivyo, kanuni itakayofuatwa kila siku kiwanjani ni ile tuliyoiandika sisi ndani ya simu. Tusijidanganye kwamba sisi ni mafundi wa mitambo tu. Kuweka kitufe au kutokiweka ni kumpa mtu neno au kumnyima.

Tena tusidhani twabuni kitu cha watu wengine. Wengi wetu hufanya lejaleja wakati wa likizo ili kuongeza karo, na baada ya mitihani ya mwisho wengi watasimama kando ya barabara ile ile wakingoja majibu. Kwa wanafunzi wa zamani mlio matajiri leo, nawaomba kwa heshima mtuambie kweli: je, mngekubali kuweka ujira mapema? Mngekubali kupewa nyota na watu wenu? Andikeni kwa Mhariri, hata kama jibu lenu ni hapana, tupate kujua sababu.

Kura juu ya mchoro itapigwa kabla ya mwisho wa muhula ujao. Naomba tusiipige mara tutakaporudi. Kila mwanachama auchukue mchoro nyumbani likizo hii, amtafute mtu mmoja afanyaye lejaleja, amwonyeshe zile kurasa kumi, na amwulize ni ukurasa gani haumo. Majibu tuyalete siku ya kwanza ya mkutano, tuyasome yote kwa sauti, ndipo tupige kura. Nami nitakubali matokeo yake kama mwanachama mwingine yeyote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano