Lenzi ya Bei Nafuu na Uso wa Mteja

Katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale na Magomeni upande wa Kinondoni, na kule Tandika, Mtoni na Mbagala upande wa Temeke, studio ya picha ni jambo la kawaida kama lilivyo duka la dawa au banda la kinyozi. Aghalabu ni chumba kimoja chenye pazia jeupe au la buluu ukutani, kigoda, taa mbili tatu, na meza iliyowekwa kompyuta na mashine ya kuchapia. Humo huingia mwanafunzi anayehitaji picha za pasipoti, wachumba wanaokaribia kufunga ndoa, mama aliyempakata mtoto wa siku arobaini, na mzee anayetaka picha ya kutundikwa sebuleni. Karibu kila siku, katika vyumba hivyo, hutumika kanuni za fizikia ambazo wanafunzi wa shule za jirani huzikariri kwa ajili ya mtihani. Karibu kila siku, vilevile, kanuni hizo hukiukwa. Hazikiukwi kwa uzembe, bali kwa sababu ya imani moja iliyoenea mno miongoni mwa mafundi na wateja wao: kwamba picha mbaya hutokana na lenzi ya bei ndogo.

Imani hiyo ina gharama. Kijana anayeanza kazi hununua kamera, mara nyingi iliyokwisha kutumika, pamoja na lenzi inayouzwa nayo, ambayo umbali wake wa fokasi hubadilika kutoka milimita 18 hadi 55. Haupiti muda mrefu kabla hajaambiwa na wenzake kuwa lenzi hiyo ni ya kujifunzia tu. Basi akiba ambayo ingemnunulia taa na stendi huingia katika lenzi kubwa, na isipotosha hukopwa. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba, kwa kazi ya ndani ya studio, deni hilo halina msingi wa kisayansi. Lenzi nafuu ikiwekwa mahali panapostahili hutosha, na lenzi ya thamani ikiwekwa mahali pasipostahili haimwokoi mtu.

Yafaa kwanza ifahamike lenzi ya zumu ni kitu gani. Lenzi mbinuko ya darasani ina fokasi moja isiyobadilika. Lenzi ya zumu ni mkusanyiko wa vioo vingi, vingine mbinuko na vingine mbonyeo, vilivyopangwa kwa makundi. Fundi azungushapo pete, makundi hayo husogeleana au kuachana, na umbali wa fokasi wa mkusanyiko mzima hubadilika. Lenzi ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za picha za kawaida za milimita 35 ilitolewa na Voigtländer mwaka 1959. Kabla ya hapo wapiga picha wa pwani yetu hawakuwa nayo kabisa. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa katika miaka ya 1940. Picha zao, ambazo bado hutazamwa kwa heshima, zilipatikana kwa fundi kusogeza miguu na taa zake. Jambo hili litarejewa, kwa sababu ndipo lilipo tatizo la zumu: humfanya fundi asahau kwamba ana miguu.

Lenzi nafuu ina dosari gani basi? Inazo, na si haki kuzificha. Tundu lake la kupitishia mwanga ni dogo. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi hizi zikivutwa hadi milimita 55 huishia f/5.6, yaani kipenyo cha milimita 10 hivi. Lenzi ghali yenye f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara kumi zaidi. Tena, lenzi nafuu ikifunguliwa tundu lote, pembe za picha hulegea, na mipaka ya vitu vyeusi na vyeupe huweza kuonyesha michirizi ya rangi, kwa kuwa kioo hakipindi rangi zote za mwanga kwa kiasi kilekile. Dosari hizi ni za kweli katika ukumbi wa harusi wenye giza. Katika studio hali ni nyingine, kwani studio ni mahali ambapo mwanga hutengenezwa na binadamu.

Chukua mfano wa tundu. Taa ndogo ikiwa mita 2 kutoka kwa mteja, kisha ikasogezwa hadi mita 1, mwanga unaomfikia huongezeka mara nne, kwa ile kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali. Tofauti kati ya f/5.6 na f/2.8 nayo ni mara nne. Kwa maneno mengine, hatua moja ya kusogeza stendi humpa fundi faida ileile ya mwanga ambayo angeilipia fedha nyingi dukani Kariakoo. Na kama ana flashi ya studio, mwanga huwa mwingi kiasi kwamba tundu hupaswa kufungwa hadi f/8 au f/11. Hapo miale inayopita kandokando ya vioo, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha ulegevu, huzuiwa, na lenzi nafuu hukaribia kulingana na ghali kwa ukali wa picha. Asiifunge kupita kiasi, kwa maana mwanga upitapo katika tundu dogo sana hutawanyika ukingoni. Kwa f/8 doa la mtawanyiko huo ni kama mia moja ya milimita. Kwa f/22 hukaribia mara tatu yake, na picha huanza kufifia.

Wapo watakaosema kwamba lenzi ghali hununuliwa kwa ajili ya kulainisha mandhari ya nyuma. Hoja hiyo ina nguvu bustanini. Katika studio nyuma ya mteja pana pazia la rangi moja. Kuna nini cha kulainisha? Zaidi ya hayo, tundu kubwa hupunguza kina cha picha, yaani eneo la mbele na nyuma ambalo huonekana kwa ukali. Lenzi ya milimita 85 ikitumiwa kwa f/1.8 katika umbali wa mita 1.5, kwa kamera za kihisi kidogo ambazo ndizo nyingi mitaani, kina hicho huwa kama sentimita 2. Jicho litaonekana vizuri, sikio litapotea, na mteja akivuta pumzi tu hata jicho litalegea. Lenzi nafuu kwa milimita 55 na f/8, katika umbali uleule, hutoa kina cha sentimita 22 hivi, kinachotosha kuanzia ncha ya pua hadi nyuma ya masikio. Mama mwenye kitenge kipya angependa maua yake yote yaonekane.

Sasa turudi kwenye miguu. Watu wengi, na hata baadhi ya vitabu, husema kuwa lenzi fupi hupanua pua na lenzi ndefu huitengeneza. Kauli hiyo si sahihi. Umbo la uso pichani huamuliwa na umbali kati ya kamera na uso, basi. Lenzi huamua tu ni sehemu gani ya kilichoonekana itaingia katika picha. Tuseme kati ya ncha ya pua na sikio pana sentimita 12. Kamera ikiwa mita 1.5 kutoka puani, sikio liko mita 1.62, na pua itakuzwa kwa asilimia 8 tu kuliko sikio. Kamera ikisogezwa hadi nusu mita, pua itakuzwa kwa asilimia 24. Mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walichapisha hesabu za namna hii kuhusu picha ambazo watu hujipiga kwa simu: kwa umbali wa sentimita 30, upana wa pua huonekana kuongezeka kwa karibu asilimia 30, ilhali kwa mita 1.5 tofauti hiyo karibu haionekani. Walichapisha kwa sababu wagonjwa walikuwa wakija kuomba pua zao zipasuliwe kwa kuzitazama katika picha hizo.

Katika studio za viungani hatari hii ni kubwa, kwa kuwa vyumba ni vyembamba. Fundi huegemea meza yake, hasogei, na huzungusha pete hadi milimita 18 ili mabega ya mteja yaingie. Au husogea karibu mno kwa kudhani kuwa ukaribu ni ukali. Kumbe lenzi ileile, kwa milimita 55 na umbali wa mita 1.5, huingiza eneo la sentimita 60 kwa 40 hivi, ambalo ndilo hasa la kichwa na mabega. Chumba cha mita tatu kinatosha. Fundi aanze kwa kuchora mstari wa chaki sakafuni, asimame nyuma yake, ndipo aguse pete. Kwa picha ya mtu mzima aliyesimama atalazimika kurudi nyuma zaidi, na ikibidi mlango ufunguliwe apige akiwa barazani; si aibu.

Lipo jambo jingine ambalo lenzi hulaumiwa bure, nalo ni rangi ya ngozi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinachotazamwa. Hukadiria kwamba kila mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu cha kati. Mteja mweusi akikaa mbele ya pazia jeupe, kipimo huona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso hutoka kama kivuli. Kisha fundi huung'arisha katika kompyuta hadi ngozi inakuwa ya majivu, pengine nyeupe kuliko mwenyewe alivyo, na mteja huambiwa amependeza. Historia ya teknolojia hii haikutusaidia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Siku hizi fundi hafungwi na kadi hiyo. Apime mwanga usoni na si ukutani, amweke mteja mbali na pazia, walau mita moja, na kulipatia pazia taa yake. Kisha ashikize shuka jeupe upande wa kivuli ili lirudishe mwanga shavuni. Shuka hilo lina thamani kuliko lenzi ya pili.

Inasikitisha kwamba maarifa haya yako mbali na shule ilhali jengo la studio liko mkabala na geti lake. Mwanafunzi wa sekondari huchora miale ya lenzi kwa rula na kupata alama zote, wala hajawahi kuulizwa kwa nini picha yake ya kitambulisho imempa pua isiyo yake. Walimu hulalamika, kwa haki, kuwa maabara hazina vifaa vya optiki. Lakini kamera yenye lenzi nafuu ni kifaa cha optiki: ina fokasi inayobadilika, tundu linalosomeka kwa namba, na matokeo yanayopimika kwa rula. Fundi wa studio, akiombwa kwa adabu na kwa saa ambazo hana wateja, si mtu wa kukataa kupokea wanafunzi kumi.

Jambo moja la tahadhari kwa wanunuzi. Lenzi zilizokwisha kutumika huuzwa kwa bei nzuri, lakini unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo. Kabla ya kulipa, mulika tochi upande mmoja na utazame kwa upande wa pili. Nyuzinyuzi kama za utando wa buibui zikionekana, iache. Ukungu uliokwisha kula ngozi ya kioo hauondoki kwa kupangusa.

Kwa mwalimu atakayependa kujaribu, zoezi ni rahisi. Mwanafunzi mmoja akae kitini bila kutikisika. Apigwe picha nne kwa umbali wa nusu mita, mita 1, mita 1.5 na mita 2, na kila mara pete izungushwe ili uso, kadiri lenzi itakavyoruhusu, uwe na ukubwa ule ule. Picha zichapwe, na kwa kila moja wanafunzi wapime upana wa pua na urefu wa sikio, wagawanye cha kwanza kwa cha pili, kisha wachore grafu ya uwiano huo dhidi ya umbali. Mchoro utateremka kwa kasi kati ya nusu mita na mita 1, na kuanzia mita 1.5 utalala karibu sambamba na mhimili. Hapo ndipo pa kuchora chaki.