Vitu Vinaingia, Havitoki

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka ya Kamembe hufungwa asubuhi na watu hutoka na majembe, mapanga na mafagio. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Mitaro inazibuliwa, nyasi zinafyekwa, makaratasi yanaokotwa, na mji huu wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ambao wengi bado wanauita Cyangugu, unapendeza tangu uwanja wa ndege hadi mteremko wa kushukia forodhani. Ikifika saa tano kazi imekwisha. Unafuata mkutano wa wakazi, kisha kila mtu anarudi kwake.

Huko kwake ndiko habari inakobadilika. Ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, lakini ndani seti ya makochi imeijaza sebule hata mlango haufunguki wote. Juu ya kabati kuna masanduku, juu ya masanduku kuna mabeseni, na juu ya mabeseni kuna shada la maua ya plastiki lililoshiba vumbi. Uvunguni mwa kitanda kumesheheni viroba vya nguo, majerikani, jiko la mkaa lililotoboka na redio iliyonyamaza miaka mingi. Mgeni akikaribishwa, anaingia kwa ubavu.

Aibu ya hali hiyo hubebeshwa mama mwenye nyumba. Mawifi wananong'ona, mama mkwe anatikisa kichwa, na semina za usafi zinamlenga yeye. Ni uonevu. Vitu vinarundikana katika nyumba za Rusizi kwa sababu njia ya kuingilia ni pana, pa kuviweka hapakujengwa, na njia ya kutokea karibu haipo. Hakuna ufagio unaoweza kutibu hayo.

Wilaya hii, kwa bahati, imewahi kupimwa. Desemba 2009 Rwanda ilizindua mpango wa kitaifa wa afya ya mazingira ulioegemea klabu za usafi za vijiji. Mbinu yenyewe ilizaliwa Zimbabwe miaka ya 1990: majirani wanakutana, wanapata somo baada ya somo, na kila mmoja anarudi nyumbani na kazi ya kufanya, iwe kichanja cha kukaushia vyombo, shimo la taka, mfuniko wa choo au mahali pa kunawia mikono. Watafiti walichukua vijiji 150 vya Rusizi wakavigawa kwa kura katika mafungu matatu ya vijiji 50. Fungu la kwanza lilipangiwa vipindi 20 vya mafunzo, la pili vipindi 8, la tatu halikupewa kitu kwa wakati huo. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health: watoto wa chini ya miaka mitano waliugua kuhara kwa kiwango kilekile katika mafungu yote matatu.

Walioibuni mbinu hiyo hawakukubali. Walisema klabu nyingi hazikuendeshwa inavyotakiwa, na kwamba kosa lilikuwa la utekelezaji. Huenda ni kweli. Tena utafiti ule ulipima kuhara, haukuhesabu viroba vya uvunguni. Hata hivyo unamwonya yeyote anayedhani kwamba nyumba hubadilika kwa kumkalisha mama kwenye benchi na kumweleza jambo ambalo analijua tangu utoto wake.

Njia ya kuingilia kwanza. Kutoka Kamembe hadi daraja la mto Rusizi ni mwendo mfupi, na ng'ambo yake ni Bukavu, jiji kubwa la Kongo lenye tumbo lisiloshiba. Wanawake huvuka na nyanya, mayai, maziwa na unga, wakarudi na vitenge, viatu na vyombo. Wengi wa wachuuzi hao hawana stoo ya kupanga. Stoo ni chumba cha watoto. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na tena Februari 2025 vita vilipoingia Bukavu na biashara ikayumba, bidhaa iliyokwama haikuwa na pa kulala isipokuwa pembeni mwa vitanda. Afisa anayeingia katika nyumba kama hiyo na kusema imejaa takataka amekosea hesabu: ameuona mtaji wa familia nzima ukiwa kwenye katoni.

Nguo nazo zina mkasa wao. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa caguwa, yaani mitumba, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaziondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia kwenye soko lake chini ya mpango wa AGOA. Serikali haikurudi nyuma. Nia ilikuwa kuinua viwanda vya ndani, na hilo lina wanaolitetea. Lakini mpakani Rusizi ikawa si ajabu kusikia kwamba mtu amekamatwa akivuka huku amevaa nguo juu ya nguo, na majumbani nguo kuukuu ikapanda cheo. Suruali iliyombana mtoto wa kwanza inamngoja wa tatu, ambaye bado ananyonya. Inamngoja ndani ya kiroba.

Kuna pia jambo ambalo semina hazilitaji kabisa. Nyarushishi, kilima cha wilaya hii, kilikuwa kambi ya walionusurika wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na Julai ya mwaka huo maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Bukavu na walichoweza kubeba. Wengi walirudi kuanzia 1996, wakakuta nyumba tupu au hawakukuta nyumba. Mtu aliyewahi kuhama na godoro kichwani hatupi godoro. Marie Kondo, Mjapani aliyeuza vitabu dunia nzima kwa kuwashauri watu wabaki na vile tu vinavyowapa furaha, hakuwa akimfikiria mama wa Kamembe. Sufuria lililopinda halimpi mtu furaha. Linampa uhakika kwamba jipya likiibwa, maharage yatapikwa. (Kondo mwenyewe, alipopata mtoto wa tatu, alikiri mwaka 2023 kwamba kwake hapako nadhifu kama zamani. Karibu duniani, dada.)

Ajabu ni kwamba watu wa kale walilitatua jambo hili kwa ujenzi. Ndani ya nyumba ya jadi ya Kinyarwanda palikuwa na uruhimbi, jukwaa lililoinuliwa kwa ajili ya vyombo vya maziwa, na hapakuwekwa kingine. Katika makumbusho ya kasri la mfalme kule Nyanza, nyuma ya nyumba kubwa ya nyasi kuna kibanda cha maziwa peke yake na kibanda cha pombe peke yake, kila kimoja na mtunzaji wake. Mbali huko Lamu, matajiri wa karne ya 18 walijenga nyumba za mawe zenye zidaka, safu kwa safu za vijishubaka ndani ya ukuta wa chokaa, za kuwekea sahani za Kichina na vitu vya thamani. Mfugaji wa Nyanza na mfanyabiashara wa Lamu hawakujuana, ila wote wawili walijenga mahali pa kitu kwanza, ndipo kitu kikapata kwao.

Nyumba ya leo ya Kamembe ina vyumba vitatu, sebule, na kuta nne tupu katika kila chumba. Haina kabati la ukutani, haina rafu, haina stoo. Mwenye nyumba akimaliza kuezeka, fedha inayobaki huenda kwenye makochi, kwa sababu makochi huonwa na wageni na rafu haionwi na mtu. Na si kwamba vifaa ni adimu. Saruji inatengenezwa wilayani humu, Bugarama, na mikaratusi ya mbao imejaa milimani. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia fundi, kabla hajachora msingi, kwamba mchele, nyavu, masanduku na vitabu vya shule vitahitaji kulala mahali fulani.

Kwa Rusizi hili si suala la mapambo. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 liliipiga Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na zaidi ya watu 30 walifariki upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa ibadani. Wilaya imekaa juu ya bonde la ufa, na ardhi itatikisika tena. Kuta zilizoanguka ndizo zilizoua, na dawa yake ni ujenzi bora. Lakini sanduku la kilo ishirini lililopandishwa juu ya kabati lisilofungwa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, halihitaji tetemeko kubwa ili lishuke. Mlango usiofunguka wote nao ni hatari. Mtaalamu yeyote wa maafa anashauri vilevile: vizito viwe chini, kabati lifungwe ukutani, njia ya kutokea iwe wazi. Ushauri huo unastahili kuingia kwenye orodha ya wakaguzi wa usafi kabla ya kichanja cha vyombo.

Halafu kuna swali la kutoka. Tuseme mama ameamua. Redio iliyonyamaza, simu tatu zilizovunjika kioo, betri ya sola iliyovimba: avipeleke wapi? Rwanda ina kiwanda kizuri cha kuchakata taka za kielektroniki kule Bugesera, kinachofanya kazi tangu 2018. Kutoka Kamembe ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ya milima. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani, lakini hataki plastiki wala betri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, na marufuku hiyo imefanya kazi, ila haikugusa mabeseni yaliyopasuka wala majerikani yaliyotoboka. Kwa hiyo vitu vinabaki uvunguni, au usiku vinashuka korongoni.

Yanakoishia makorongo kunajulikana. Ziwa Kivu lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Rusizi, na mlangoni hapo kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza lililojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa, ndara na vipande vya majerikani kutoka pwani za ziwa, nyingi zaidi zikitoka Bukavu yenye mitaa inayoning'inia mlimani, huelea hadi hapo. Mwanzoni mwa 2022 taka zilisimamisha mashine moja kati ya nne, na wazamiaji wanaajiriwa kuzichomoa kwa mikono chini ya maji. Aliyedhani ameitakasa nyumba yake amekatiwa umeme na ndara yake mwenyewe.

Mfano wa namna ya kuanza upo nchini humu. Katika wilaya ambako nyumba hupulizwa dawa ya ukutani dhidi ya malaria, kazi iliyoanza nchini mwaka 2007, wakazi huombwa kutoa vyombo vyote nje kabla wapulizaji hawajaingia. Kwa saa kadhaa kila kitu kinakaa uani, juani, na familia nzima inakiona. Mume anakutana na jiko alilodhani lilishauzwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ya dawa ndiyo daftari.

Rusizi inaweza kujipangia siku kama hiyo bila dawa, mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi mwezi Julai. Wanaume na vijana ndio watoe vitu nje, kwa kuwa migongo ipo. Lori la wilaya lizunguke kuchukua vya Bugesera; mafuta ya safari moja ya lori kwa mwaka hayawezi kuzidi gharama ya mabango ya usafi. Mnunuzi wa chakavu awe pale, na fundi wa cherehani, na fundi redio, maana nusu ya vilivyokufa vinafufulika. Kinachorudi ndani kirudi kwa kauli ya mwenye nyumba, na mkaguzi asimzomee akirudisha sufuria lake lililopinda.

Na kuhusu pa kuweka, wilaya isingoje wenye fedha wabadilike. Ianze na nyumba za vijiji vya mfano, zile zinazojengwa kwa ajili ya familia zinazohamishwa kutoka kwenye miteremko hatari: rafu mbili za saruji katika kila chumba na stoo ya mita mbili kwa mbili, viwekwe kwenye ramani sasa, kabla mwashi hajaanza kuchimba msingi.